Kwa Nini Kaunta ya Sushi ya Tokyo Ina Masharti Yake

Katika mtaa wa Ginza, jijini Tokyo, iko migahawa ya sushi yenye viti vinane au kumi tu, isiyo na menyu wala bei iliyobandikwa ukutani, na ambayo mpita njia anaweza kuipita kila siku bila kujua kwamba ndani yake kuna watu wanakula. Mgeni huketi kwenye kaunta ya ubao mbele ya mpishi, hupewa kitambaa cha moto chenye unyevu cha kufutia mikono, na tangu hapo huwekewa kipande kimoja baada ya kingine kwa mpangilio alioupanga mpishi mwenyewe. Utaratibu huo wa kumwachia mpishi uamuzi wote huitwa omakase. Baada ya saa mbili hivi mgeni huondoka akiwa amelipa yen 30,000, 40,000 au hata zaidi, na yen 40,000 kwa viwango vya miaka ya karibuni ni zaidi ya dola 250 za Marekani.

Anayesikia habari za mlo huu kwa mara ya kwanza hujiuliza maswali mawili. La kwanza ni vipi kipande cha samaki juu ya tonge la wali kinafikia bei hiyo. La pili ni kwa nini mteja anayetoa fedha zote hizo ndiye anayewekewa masharti: asichelewe, asijipulize manukato, asiweke simu wala saa juu ya kaunta, ale mara tu anapowekewa. Wengi hulijibu swali la pili kwa kusema kwamba Wajapani ni watu wa adabu na taratibu, kisha wakaishia hapo. Jibu hilo halitoshi. Karibu kila sharti la kaunta lina sababu yake ndani ya chakula chenyewe, na sababu hizo huonekana wazi mtu akifuatilia kwanza sushi ya aina hii ilivyozaliwa na inavyotayarishwa.

Chakula cha kibandani

Asili ya mbali ya sushi ni njia ya kuhifadhi samaki. Kusini mashariki mwa Asia, na baadaye Japani, samaki waliotiwa chumvi walishindiliwa pamoja na wali na kuachwa kwa miezi mingi. Wali ulichacha, uchachu wake ukawazuia samaki wasioze, na wakati wa kula wali ulitupwa. Namna hiyo bado ipo kandokando ya Ziwa Biwa, mkoani Shiga, ambako hutengenezwa funazushi, chakula chenye harufu kali ambacho mla sushi wa kawaida hawezi kukitambua kuwa ni cha ukoo mmoja na kile anachokijua. Kadiri karne zilivyopita watu walipunguza muda wa kuchachusha, wakaanza kuula na wali wenyewe, na hatimaye wakaacha kuusubiri uchachu na kuutia wali siki moja kwa moja.

Hatua hiyo ya mwisho ilikamilika Edo, mji ambao tangu mwaka 1868 unaitwa Tokyo. Katika karne ya 18 mji huo ulikuwa na wakazi zaidi ya milioni moja, na wengi wao walikuwa wanaume wasio na familia karibu, mafundi, vibarua na watumishi, waliohitaji kula upesi wakiwa njiani. Anayetajwa zaidi kuwa alianzisha, au walau kueneza, sushi ya kubonyezwa kwa mkono iitwayo nigiri ni Hanaya Yohei, aliyezaliwa mwaka 1799 na kufariki mwaka 1858, ambaye alifanya biashara yake eneo la Ryogoku katika miaka ya 1820. Siki iliyofaa kazi hiyo ilitoka Handa, karibu na Nagoya ya leo, ambako mtengeneza sake aliyeitwa Nakano Matazaemon alianza mwaka 1804 kutengeneza siki kutokana na machicha ya sake, pombe ya mchele. Siki hiyo ya rangi ya hudhurungi nyekundu ilikuwa rahisi kuliko siki ya mchele na ilikuwa na ladha nzito. Sosi ya soya ilitoka Noda na Choshi, mashariki mwa mji, na samaki walitoka katika ghuba iliyo mbele ya mji huo. Ndiyo maana mtindo huu mpaka leo unaitwa Edomae, yaani wa mbele ya Edo.

Sushi hiyo iliuzwa vibandani. Tonge moja lilikuwa kubwa mara mbili au tatu kuliko la leo, na mtu alikula mawili matatu akiwa amesimama, akafuta mikono, akaendelea na safari yake. Hapakuwa na barafu, na kutoka katika jambo hilo moja ndipo ufundi wote ulipoanzia. Samaki aliyevuliwa alfajiri alikuwa hatarini ifikapo jioni, kwa hiyo muuzaji alimkinga kwa vile alivyokuwa navyo: chumvi, siki, sosi ya soya, mwani mkavu na moto. Jodari alilowekwa katika sosi ya soya, mkunga alichemshwa mpaka akalainika, kamba walitokoswa, samaki wadogo wenye mafuta walitiwa chumvi na siki. Mbinu hizo za kuzuia kuoza zilibadili pia ladha, na barafu na majokofu yalipokuja, watu wa Tokyo walikuwa wameshazipenda kiasi kwamba hawakuziacha. Leo ndizo kipimo cha fundi.

Mambo mawili ya karne ya 20 yaliitoa sushi ya Edo mjini mwake na kuieneza Japani nzima. Tetemeko kubwa la ardhi la mwaka 1923 liliwatawanya wapishi wengi wa Tokyo, ambao walirudi makwao mikoani wakiwa na ujuzi wao. Kisha mwaka 1947, serikali ilipofunga migahawa kwa sababu ya uhaba wa chakula baada ya vita, wauza sushi wa Tokyo walipata kibali cha pekee: mteja alileta mchele wake, kipimo kimoja cha gramu 150 hivi, akarudishiwa vipande kumi vya sushi na kulipa gharama ya kazi tu. Mikoa mingine iliiga utaratibu huo, na nigiri ikawa ndiyo sushi ya taifa. Mwaka 1958, karibu na Osaka, Yoshiaki Shiraishi alifungua mgahawa ambao sahani zilipita mbele ya wateja juu ya mkanda unaozunguka, na tangu hapo kazi ya kuwalisha watu wengi kwa bei nafuu ikahamia huko. Kaunta ndogo ya fundi mmoja, ambayo hapo awali ilikuwa ndiyo biashara ya kawaida, ikaanza kupanda daraja.

Samaki aliyefanyiwa kazi

Dhana inayowapotosha wageni wengi ni kwamba sushi nzuri ni ile ya samaki aliyetoka majini sasa hivi. Ingekuwa hivyo, mgahawa bora ungekuwa bandarini, na mvuvi mwenyewe ndiye angekuwa fundi mkuu. Mfano mzuri wa kuonyesha ukweli ulivyo ni samaki mdogo aitwaye kohada, mwenye ngozi ya rangi ya fedha iliyotapakaa vidoa vyeusi, asiyethaminiwa sana akipikwa kwa njia nyingine yoyote. Ana miiba mingi, harufu yake ni nzito, na akiliwa mbichi hivi hivi hana jambo la kusifiwa. Mpishi humpara magamba, humkata kichwa, humtoa matumbo, kisha humpasua tumboni na kumfungua kama kitabu. Humpanga kwenye ungo wa mianzi na kumnyunyizia chumvi juu na chini, akamwacha kwa dakika kadhaa.

Hapo kwenye dakika ndipo penye kazi. Samaki mkubwa kidogo huhitaji muda zaidi kuliko mdogo, mwenye mafuta zaidi kuliko mkavu, wa siku ya baridi zaidi kuliko wa siku ya joto, na mpishi anaweza kuwagawa samaki wa sanduku moja katika mafungu mawili au matatu ili kila fungu litolewe kwenye chumvi kwa wakati wake. Chumvi ikioshwa, samaki husuuzwa kwa siki iliyokwisha kutumika, kisha hulowekwa katika siki mpya, tena kwa muda unaohesabiwa, halafu huchujwa na kuwekwa mahali pa baridi kwa siku moja au zaidi ili siki iliyo juu ipenye hadi ndani na ukali wake utulie. Anapofika mbele ya mgeni anaonekana ni kipande kidogo kinachong'aa na kinaliwa kwa tonge moja, lakini ndani yake mna kazi iliyoanza juzi. Walaji wazoefu wa Tokyo huupima mgahawa kwa kohada kabla ya kuupima kwa jodari, nami naona wana haki: jodari mzuri hununuliwa, ila kohada mzuri hutengenezwa. Wachanga wake, wanaoitwa shinko, huonekana sokoni majira ya joto yanapoanza, na kwa siku hizo chache bei yao kwa kilo huweza kupita ya jodari, ingawa ni wadogo kiasi kwamba tonge moja huhitaji samaki wawili, watatu au zaidi waliopangwa ubavu kwa ubavu.

Samaki wa nyama nyeupe wana hadithi tofauti. Mvuvi au mchuuzi anayejua kazi huwaua kwa njia iitwayo ikejime: huchoma ubongo mara moja, humwaga damu, na mara nyingi hupitisha waya mwembamba katika mfereji wa uti wa mgongo ili mishipa ya fahamu inyamaze. Samaki aliyekufa hivyo hakupapatika, kwa hiyo hakumaliza akiba ya nguvu iliyokuwa katika misuli yake, na mwili wake huchelewa kukakamaa. Akiba hiyo, baada ya saa kadhaa na siku kadhaa, hugeuka kidogo kidogo kuwa inosinati, mojawapo ya vitu vinavyoleta umami, ladha ile nzito ya supu iliyochemka sana. Siku ya kwanza nyama yake huwa ngumu na yenye kukwaruza meno lakini haina ladha nyingi. Siku ya pili au ya tatu ugumu hupungua na ladha huongezeka. Mpishi ndiye anayechagua siku.

Wakati mwingine humsaidia samaki huyo kwa kumlaza kati ya vipande vya kombu, mwani mpana mkavu kutoka kaskazini mwa Japani. Wapishi walifanya hivyo kwa uzoefu muda mrefu kabla ya sababu yake kujulikana. Mwaka 1908 mkemia Ikeda Kikunae aligundua kwamba utamu wa kombu unatokana na glutamati, na mwaka 1913 mwanafunzi wake Kodama Shintaro akaonyesha nafasi ya inosinati katika samaki mkavu. Baadaye ilithibitishwa kwamba vitu hivi viwili vikikutana, ladha huongezeka mara nyingi kuliko kila kimoja kikiwa peke yake. Kombu ikigusana na samaki hufanya jambo hilo hasa, na wakati huohuo hunyonya maji ya ziada.

Kuhusu jodari, ambaye ndiye anayejulikana zaidi nje ya Japani, inafaa kujua kwamba sehemu ya tumbo yenye mafuta, inayoitwa toro na kuuzwa ghali kuliko zote, zamani haikuwa na thamani. Mafuta yake yaliharibika upesi na hayakushika sosi ya soya, kwa hiyo watu wa Edo walitaka nyama nyekundu. Toro ilianza kupendwa karne ya 20, majokofu yalipoenea na ladha za watu zilipobadilika. Bei za kustaajabisha zinazotangazwa kila Januari, kama ile ya mwaka 2019 ambapo jodari wa kilo 278 kutoka Oma, mkoani Aomori, aliuzwa kwa yen milioni 333.6 katika soko la Toyosu, ni za mnada wa kwanza wa mwaka, ambapo mnunuzi hununua pia heshima na matangazo. Mwanga zinaoutoa juu ya bei ya siku za kawaida ni mdogo.

Mgeni asishangae vilevile asipoona samoni mbichi. Samaki huyo, anayetawala sushi ya mikahawa ya Nairobi, Dubai au London, hakuwa sehemu ya Edomae. Aliingia katika sushi ya Japani kutokana na juhudi za wauzaji wa Norwei kuanzia miaka ya 1980, na kaunta za kijadi mpaka leo kwa kawaida hazimweki.

Usalama nao haupatikani kwa imani tu. Mnyoo aitwaye anisakisi, anayeishi ndani ya samaki wa baharini kama vibua na ngisi, hafi kwa siki, wala kwa chumvi ya kawaida ya jikoni, wala kwa wasabi, kile kiungo kikali cha kijani kinacholiwa na sushi. Hufa kwa moto au kwa kugandishwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 au zaidi, na pale ambapo samaki hakugandishwa, kinga iliyobaki ni kumtoa matumbo mapema na jicho la mpishi anayemkagua kila kipande. Anayejaribu nyumbani kuiga alichokiona kaunta, kwa samaki wa kawaida wa sokoni asiyegandishwa, anajiingiza katika hatari ambayo mpishi alikwisha kuishughulikia kabla mgeni hajafika.

Wali na mkono

Wapishi wengi wa Edomae husema kwamba sushi ni wali kwanza, na mgeni akila kwa makini huona kwamba hawasemi hivyo kwa unyenyekevu. Mchele hupikwa uwe mkavu kidogo kuliko wa nyumbani. Baadhi huchanganya mchele wa mavuno mapya na wa mwaka uliopita, kwa sababu uliokaa una maji machache na hunywa siki vizuri. Wali ukiwa bado wa moto humiminwa katika beseni pana la mbao, hutiwa siki na chumvi, pamoja na sukari katika migahawa inayoitumia, na hukatwakatwa kwa mwiko bapa bila kupondwa. Wanaotumia siki nyekundu ya machicha huwa na wali wa rangi ya kahawia hafifu unaostahimili samaki wenye mafuta; wanaotumia siki nyeupe hupata wali mwepesi zaidi. Kisha huhifadhiwa kwenye chombo cha mbao, mara nyingi kilichozungushiwa majani makavu ya mpunga, ili ubaki na joto linalokaribia la mwili wa binadamu. Wali ukipoa zaidi ya hapo wanga wake hukakamaa, punje zikawa ngumu, na ndiyo sababu sushi iliyolala kwenye jokofu la dukani haiwezi kufanana na hii hata kama samaki ni yuleyule.

Kinachofuata hutokea kwa sekunde chache. Mpishi huchovya vidole katika maji yaliyotiwa siki, hupiga kofi dogo ili ya ziada yadondoke, hutwaa kipande cha samaki kwa mkono wa kushoto na wali wa kiasi cha gramu 10 hadi 15 kwa mkono wa kulia. Hupaka wasabi kidogo kwa ncha ya kidole. Hulaza wali juu ya samaki, huubonyeza katikati kwa dole gumba ili pabaki uwazi wa hewa ndani, hugeuza, hubonyeza kutoka pembeni na juu, hugeuza tena, na tonge limekamilika. Hupaka juu yake nikiri, yaani sosi ya soya iliyochemshwa pamoja na sake au mirin, pombe tamu ya mchele ya kupikia, kisha huliweka mbele ya mgeni. Anayetazama kwa makini ataona jambo moja zuri: katika mikono ya fundi, tonge likishawekwa sahanini hushuka kidogo, kama linalopumua, kwa kuwa punje hazikukazwa na zinajipanga kwa uzito wa samaki. Limeshikana kiasi cha kutosha kubebwa hadi mdomoni, wala halikuzidi hapo.

Masharti na sababu zake

Mtu akishayajua hayo, masharti hayahitaji tena kuelezwa kwa habari za adabu ya kitaifa. Sushi huliwa mara inapowekwa kwa kuwa joto la wali, ubaridi wa samaki na wepesi wa tonge ni mambo yanayodumu kwa muda mfupi sana. Wasabi halisi iliyosagwa kwenye ngozi ya papa hupoteza harufu yake ndani ya dakika chache, na mwani mkavu uliozungushiwa wali hunyonya unyevu na kulegea upesi. Mgeni anayepiga picha kumi kwanza, hata kama amepewa ruhusa ya kupiga, anakula chakula kingine. Kula kwa mkono kunaruhusiwa kabisa, na kwa tonge laini ni rahisi kuliko vijiti. Sosi ya kuchovya mara nyingi haiwekwi kwa sababu nikiri imekwisha kupakwa, na pale inapowekwa huchovywa upande wa samaki, kwa kuwa wali ukichovywa hunywa chumvi nyingi na kusambaratika. Tangawizi ya siki hutafunwa kati ya kipande na kipande ili kusafisha ulimi. Kuilaza juu ya samaki ni kuifuta kazi ya siku mbili.

Manukato, yawe ya chupani au udi na mafusho yaliyoganda kwenye nguo, yanakatazwa kwa sababu nusu ya ladha ya vyakula hivi ni harufu nyepesi, na katika chumba chenye watu kumi mmoja akinukia wote tisa wanalipia. Kwa watu wa pwani yetu, Omani na Ghuba, ambako kujifukiza ni sehemu ya heshima ya kwenda mahali pazuri, sharti hili ni gumu kulikumbuka, na ni afadhali lifikiriwe tangu wakati wa kuchagua nguo. Kaunta nayo huwa ni ubao mmoja mrefu wa mti wa hinoki, laini na usiopakwa vanishi katika migahawa mingi, unaokwaruzwa na bangili, saa au ukingo wa simu, na kuubadilisha ni gharama kubwa. Kuwahi ni muhimu kwa sababu mpishi mmoja huwahudumia wote kwa wakati mmoja, na wali umepikwa ili uwe tayari saa ile ya kuanza. Mgeni akichelewa dakika ishirini, ama wengine wote wanangoja wali ukipoa, ama yeye anakosa vipande vya mwanzo.

Mpangilio wenyewe hutofautiana kati ya fundi na fundi. Migahawa mingi ya siku hizi huanza na vitu vidogo vya kula polepole, kama pweza aliyechemshwa au samaki wa kuchoma, kisha huingia kwenye nigiri. Nigiri mara nyingi huanza na samaki wa nyama nyeupe au ngisi, hupanda hadi jodari, kutoka nyama nyekundu hadi toro, hupitia kohada na kamba, na uni, yaani tezi za uzazi za kiumbe wa baharini mwenye miiba, kisha humalizia na mkunga laini uliopakwa mchuzi mzito na yai lililookwa, ambalo katika baadhi ya migahawa lina kamba waliosagwa ndani na hukaribia keki. Baada ya hapo mpishi huuliza kama kuna anayetaka nyongeza. Huo ndio wakati wa kuomba tena kilichopendwa, na nyongeza hulipiwa.

Fedha huenda wapi, na mtu hupataje kiti

Bei ya yen 40,000 inaeleweka zaidi mtu akihesabu viti. Mgahawa wenye viti vinane unaohudumia awamu mbili kwa usiku hauwezi kupokea zaidi ya watu 16, nao unalipa pango la Ginza, mishahara ya wasaidizi wanaofika asubuhi, na samaki walionunuliwa Toyosu, soko lililochukua nafasi ya Tsukiji Oktoba 2018. Pale Toyosu mpishi kwa kawaida hapigi bei mnadani mwenyewe. Hununua kwa wachuuzi wa kati wenye leseni, ambao kila mmoja amebobea katika aina yake, huyu jodari, yule kamba, na ambao huwapa vipande bora wateja waliowanunulia kwa uaminifu kwa miaka mingi. Fundi kijana mwenye fedha lakini asiye na uhusiano huo anaweza kurudi na samaki wa daraja la pili. Uanagenzi nao ulikuwa kwa desturi wa miaka kumi hivi, ukianza na kusafisha na kuosha mchele, ingawa sasa zipo shule zinazofundisha misingi kwa miezi michache, na baadhi ya wahitimu wake wanafanya kazi nzuri.

Uhusiano wa miaka mingi ndio pia unaoeleza ugumu wa kupata nafasi. Mfano unaojulikana ni Sukiyabashi Jiro ya Ginza, mgahawa wa fundi Jiro Ono, aliyezaliwa mwaka 1925, wenye viti kumi katika ghorofa ya chini ya ardhi, ambako Rais Barack Obama alikula na Waziri Mkuu Shinzo Abe Aprili 2014. Novemba 2019 waandaaji wa mwongozo wa migahawa wa Michelin waliutoa katika orodha yao, na walieleza kwamba ubora haukuwa umeshuka. Haukuwa tena mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuweka nafasi. Migahawa mingi ya daraja hilo hujazwa na wateja wa kudumu, ambao wakimaliza kula huweka siku ya kurudi. Kwa mgeni njia zilizobaki ni hoteli anakofikia, ambayo humdhamini, au tovuti za kuweka nafasi zinazodai kadi ya benki na kutoza ada kubwa, wakati mwingine bei nzima, asipotokea. Ada hiyo ni ya haki: samaki wa kiti chake ameshanunuliwa na kutiwa chumvi, na hawezi kuuzwa kwa mpita njia.

Kwa sababu hiyohiyo, mambo ya mzio na ya dini husemwa wakati wa kuweka nafasi. Mwislamu anayejihadhari na pombe ajue kwamba sake na mirin zimo katika nikiri, katika mchuzi wa mkunga na mara nyingi katika yai, na ingawa huchemshwa, uamuzi wa kuvila ni wake na wa anaowaamini katika elimu. Baadhi ya wapishi wakiarifiwa mapema watampakia sosi ya soya ya kawaida au chumvi na ndimu. Wengine watasema kwa upole kwamba hawawezi, na ni bora kulijua hilo kabla ya kulipa. Chai ya kijani ya moto hutolewa bila malipo na inaendana na sushi vizuri sana, kwani moto wake huondoa mafuta ulimini, kwa hiyo asiyekunywa pombe hapungukiwi kitu. Bahashishi haitolewi. Bili huletwa ikiwa imeandikwa kwenye karatasi ndogo, na si kila mahali panapokea kadi.

Ushauri wangu kwa anayekwenda mara ya kwanza ni kwamba asianze na majina makubwa. Tokyo ina kaunta nyingi za mitaani, nje ya Ginza, ambazo fundi hutengeneza kohada wake na kuchemsha mkunga wake mwenyewe kwa bei iliyo chini ya nusu ya hizi, na hata Ginza kwenyewe migahawa kadhaa hufungua mchana kwa nigiri pekee, bila vile vitu vidogo vya mwanzo, kwa bei nafuu kuliko ya usiku. Mlo wa mchana ni mfupi, chumba kina nuru, na mpishi ana nafasi zaidi ya kujibu maswali. Siku za kuepuka ni Jumapili, sikukuu na baadhi ya Jumatano, ambapo soko la Toyosu hufungwa na mafundi wengi nao hufunga milango yao.